Sahani Haiulizi Aliyeilenga

Katika maduara ya dhahabu ya Geita na Shinyanga ipo imani ya siku nyingi kwamba mwanamke akishuka shimoni, madini hukimbia. Kwa imani hiyo akina mama wengi wameachiwa kazi za juu: kuponda mawe, kuosha mchanga, kupika na kuuza chakula. Mwaka 1997 wachimbaji wanawake waliunda chama chao, TAWOMA, ili nao wasikike. Leo tuipime imani hiyo kwa kisa cha mbali, cha mchezo wa kulenga shabaha.

Katika mchezo huo sahani ndogo hurushwa hewani kwa mashine, na mshindani huivunja kwa bunduki ya marisau. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mchezo wa wanaume. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, kulikuwa na aina ya mchezo huo ambayo wanawake na wanaume walishindana pamoja. Zhang Shan wa China alivunja sahani 200 kati ya 200 kabla ya fainali, kisha akatwaa medali ya dhahabu mbele ya wanaume. Lakini Olimpiki iliyofuata, Atlanta 1996, aina hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walirudishwa mwaka 2000, wakiwa na mashindano yao wenyewe.

Mlango ulipofunguka, waliingia akina nani? Tazameni timu ya wanawake ya India. Timu huwa na walengaji watatu, na sahani wanazovunja hujumlishwa. Mwaka 2023, katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou, Wahindi hao walipata medali ya fedha nyuma ya China. Mmoja, Rajeshwari Kumari, ni binti wa Randhir Singh, aliyewahi kuwa bingwa wa Asia wa mchezo huo huo mwaka 1978. Mwenzake, Manisha Keer, ni binti wa mvuvi wa ziwa la Bhopal. Mvuvi hana fedha za bunduki na risasi. Binti huyo alifundishwa katika chuo cha michezo cha serikali ya jimbo lake. Wa tatu, Preeti Rajak, ni askari wa jeshi.

Ndugu wasikilizaji, sisemi tugawe bunduki vijijini. Nasema kwamba kipaji cha yule binti kingezama ziwani pamoja na nyavu za baba yake, kama asingepatikana mtu wa kumfungulia mlango. Je, binti wa mvuvi wa Chato, au wa mama mponda mawe wa Nyarugusu, nani anamfungulia mlango wa uwanja, wa darasa, au wa leseni ya kuchimba?

Sahani ikipigwa sawasawa huvunjika, hata aliyelenga awe nani. Na dhahabu iliyomo ndani ya mwamba haijapata kumkimbia mtu. Wanaokimbia ni sisi, tunaoogopa kumwacha mwanamke ajaribu.