Yoga ya joto: Chagua mkeka na taulo visivyokuangusha

Katika chumba cha yoga ya joto mtu husimama pekupeku juu ya mkeka mwembamba, hewa ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi. Kwa saa moja au moja na nusu hujikunja, hujinyoosha, huinama kwa viganja na kusimama kwa mguu mmoja. Baada ya dakika kumi jasho linamdondoka kwenye ncha ya pua. Baada ya nusu saa mkeka umelowa. Hapo ndipo anapogundua kama fedha yake aliitumia vizuri, maana mkeka uliomshika vizuri dukani ukiwa mkavu unaweza kuteleza kama sabuni chini ya viganja vyake.

Wengi wetu hatujawahi kuingia chumba cha namna hiyo, na mkazi wa Lodwar au Tanga atacheka akisikia kuna watu wanaolipia joto. Lakini yoga imefika karibu. Hoteli za ufukweni Zanzibar, Diani na Watamu huwaandalia wageni wao vipindi vya yoga, na vijana wetu wanafanya kazi humo. Nairobi kuna shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, ambalo limewafundisha vijana wengi kuwa walimu. Wapo pia wanaofuata mazoezi kwenye simu wakiwa nyumbani, na kwa anayeishi pwani mwezi wa pili au wa tatu, hata sebule isiyo na mashine ya joto humtoa jasho la kutosha kulowesha mkeka. Kwa hiyo swali la mkeka gani na taulo gani linamhusu pia mtu ambaye hatalipia ukumbi wowote.

Yoga hii imetoka wapi?

Yoga yenyewe ni ya India na ina umri wa karne nyingi. Ile ya chumba cha joto, kama biashara, ilienea kutoka Marekani. Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, alihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafundisha California. Alipanga mikao 26 na mazoezi mawili ya kupumua, yafanywe kwa dakika 90 katika chumba chenye nyuzijoto 40 hadi 41 na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hivi. Baadaye alitaka wengine wasifundishe mpangilio huo bila kibali chake, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba mfululizo wa mazoezi haulindwi na hakimiliki. Leo kila ukumbi una joto lake na muda wake. Kwingine ni nyuzijoto 32 tu, na hapo mkeka wa kawaida unaweza kutosha. Kabla ya kununua chochote uliza joto ni kiasi gani.

Mkeka ulitengenezwa kwa ajili ya miguu mikavu

Zamani wana-yoga wa India walikalia nyasi, ngozi ya mnyama au zulia la pamba. Mkeka unaong'ang'ania sakafu ni wa juzi tu. Mwalimu mmoja Mwingereza, Angela Farmer, akifundisha Ujerumani mwaka 1982, alikata kipande cha lile povu linalowekwa chini ya zulia ili zulia lisiteleze. Akaona kinashika miguu vizuri. Baba yake aliwasiliana na kiwanda na kuanza kuwauzia watu Uingereza. Mikeka mingi ya leo ni wajukuu wa kipande kile.

Kumbuka kazi yake ya kwanza: kukaa pakavu chini ya zulia. Hakuna aliyefikiria jasho.

Ili kuelewa kinachotokea, angalia vitu viwili ulivyo navyo nyumbani. Cha kwanza ni ndala, au kandambili. Ni povu, lakini vijishimo vyake vimefungwa, kwa hiyo maji hayaingii. Ukitoka kuoga na miguu iliyolowa, mguu unateleza juu yake, kwa kuwa maji hayana pa kwenda. Cha pili ni sponji ya kuoshea vyombo. Vijishimo vyake viko wazi na maji hunywewa mara moja. Kila mkeka wa yoga uko upande mmoja kati ya hizo mbili, au katikati, na karibu kila kitu kingine unachohitaji kujua kinatokana na hapo.

Mkeka wa plastiki ya PVC ni ndugu wa ndala. Ni wa bei nafuu, unadumu, ukiupangusa jasho na vijidudu havijajificha ndani. Ila ukilowa unateleza, na ukiwa mpya huteleza zaidi kwa sababu ya utando unaobaki kutoka kiwandani. Utando huo hupungua ukiusugua kwa chumvi ya mawe na maji, ukausuuza na kuukausha. Mkeka wa namna hii katika yoga ya joto ni lazima uwe na taulo juu yake. PVC huchanganywa na kemikali za kuilainisha, na baadhi yake, ziitwazo fthaleti, zimewekewa kikomo na Umoja wa Ulaya kwenye bidhaa za matumizi ya watu. Mkeka wenye harufu kali ya plastiki ambayo haiishi hata baada ya siku kadhaa za kupunga upepo, mimi nisingeulaza uso wangu juu yake.

Mikeka iliyoandikwa TPE nayo ni ya vijishimo vilivyofungwa. Ni myepesi na rahisi kubeba kwenye daladala au matatu, lakini huchanika mapema.

Mkeka wa mpira asilia, unaotokana na utomvu wa mti wa mpira, hushika sakafu vizuri kuliko yote. Ni mzito, wakati mwingine kilo mbili na nusu au zaidi, na una harufu ya duka la matairi kwa wiki za mwanzo. Hushika mguu wenye jasho la kiasi. Jasho likizidi na kuwa dimbwi, nao huteleza. Adui yake ni jua: kama tyubu ya baiskeli iliyoachwa nje, hukauka na kupasuka. Mwenye mzio wa mpira auepuke kabisa.

Iko mikeka ya mpira iliyowekwa juu yake tabaka jembamba la poliyurethani, na hii ndiyo iliyo karibu na sponji. Hunywa jasho na kuzidi kushika. Watu wanaotokwa na jasho jingi huipenda, na baadhi yao hawatumii taulo. Gharama yake ni mbili: bei yake ni kubwa, na kila inachokinywa hubaki ndani, mafuta ya mwili na losheni pamoja. Usiposafisha itanuka, na ukisafisha kwa nguvu tabaka litachubuka.

Gamba la mwaloni wa koki, ambalo kwa sehemu kubwa hutoka Ureno, nalo hutengenezewa mikeka. Koki ina tabia ya ajabu kidogo: ikiwa kavu kabisa inateleza, ikipata unyevu inashika. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kuanza.

Kwa mtu wa kipato cha kawaida, ningechagua mkeka rahisi wa PVC wa unene wa milimita 4 au 5, kisha fedha iliyobaki niitie kwenye taulo zuri. Mkeka ghali bila taulo ni hatari kuliko mkeka rahisi wenye taulo.

Mtego mkubwa uko madukani: ile mikeka minene ya povu laini, milimita 10 au zaidi, inayouzwa kwa jina la mkeka wa mazoezi. Muuzaji atakwambia unene ndio ubora. Kwa kulala chali na kunyanyua miguu ni sawa, lakini simama juu yake kwa mguu mmoja utaona kifundo kinavyoyumba. Ukilowa jasho, yumba-yumba hiyo hugeuka kuwa anguko. Magoti yako yakiuma, kunja taulo uliweke chini ya goti badala ya kununua mkeka mnene.

Kipimo cha kawaida ni urefu wa sentimita 173 na upana wa 61. Ukiwa mrefu kuliko huo, tafuta wa sentimita 180 na zaidi, la sivyo ukilala visigino vitakuwa sakafuni.

Taulo la juu ya mkeka

Wengi huchukua taulo la kuogea. Pamba hunywa maji vizuri, lakini likilowa huwa zito, hujikusanya katikati kama shuka la mtoto, na upande wa chini huteleza juu ya mkeka. Khanga na kitenge ni vibaya zaidi, kwa kuwa ni vyepesi na havishiki chini hata kidogo.

Taulo la yoga kwa kawaida ni la maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba mno za poliesta zilizochanganywa na nailoni. Lina ukubwa wa mkeka mzima. Nyuzi hizo huvuta jasho na kulisambaza, na kadiri linavyolowa ndivyo linavyoshika. Ndiyo maana wengi hulilaumu bure dakika za mwanzo: likiwa kavu linateleza. Lowesha kidogo sehemu mbili, pale viganja vinapokaa na pale miguu inapokaa, kisha uanze. Mengine yana vinundu vya silikoni upande wa chini ili yasihame. Vinundu vitazame chini, si juu.

Kama taulo lako halina vinundu wala mifuko ya pembeni, mpelekee fundi cherehani. Mwambie ashone lastiki pana kwenye kila pembe, kama ile ya shuka la godoro, ili pembe za mkeka ziingie humo. Ni kazi ndogo na husaidia sana.

Taulo la pili, dogo, ni la uso na mikono. Lisitumike kila dakika. Jasho humpoza mtu pale linapokauka juu ya ngozi. Lile linalodondoka au kupanguswa halijafanya kazi yake. Pangusa macho na viganja, mgongo uache.

Joto lenyewe

Hakuna mkeka wala taulo linalopunguza joto la mwili. Utafiti uliofadhiliwa na Baraza la Mazoezi la Marekani na kutolewa mwaka 2015 uliwapima watu waliozoea darasa la dakika 90, na joto la ndani la baadhi yao lilizidi nyuzi 39, sawa na mgonjwa wa homa kali. Mtu anaweza kupoteza lita moja ya jasho na zaidi kwa saa. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kikaanza kugonga, toka nje wala usisubiri mwalimu akuruhusu, kaa kivulini, jimwagie maji, kunywa kidogo kidogo. Mwenzako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au akazimia, hiyo ni dharura ya hospitali, na mnapotafuta usafiri endeleeni kumpoza kwa maji na kumpepea. Madaktari wa uzazi wa Marekani wanawashauri wajawazito waiepuke yoga ya joto. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza, hasa kama anameza dawa za kuongeza mkojo.

Dukani na sokoni

Usiupime mkeka kwa kuushika tu. Omba maji kidogo, lowesha kiganja, kikandamize kwenye mkeka ulio sakafuni na usukume mbele kama anayeinama. Kikienda, utahitaji taulo. Kisha dondosha tone la maji: likikaa kama ushanga ni upande wa ndala, likinywewa ni upande wa sponji. Hakikisha pia upande wa chini haujongei kwenye saruji au vigae.

Ukikutana na mkeka wa mtumba, ukunjue wote. Uukunje kwa ndani na nje uone kama kuna nyufa, ufikiche uone kama unatoa unga. Wa sponji wenye harufu ya jasho la mtu mwingine uuache hapo hapo, kwani harufu hiyo haitoki. Wa plastiki unasafishika.

Anayenunua kwa simu aangalie vitu vitatu kwenye maelezo: unene kwa milimita, jina la kitu kilichotumika, na uzito. Tangazo linalosema tu "bora, hautelezi" halijasema kitu.

Kufua na kuanika

Mkeka uliolowa ukikunjwa na kuachwa ndani ya mfuko hadi kesho ni shamba la fangasi. Ndiyo sababu pia mkeka wa kuazima ukumbini si mzuri bila taulo lako juu yake. Pangusa kila baada ya zoezi kwa kitambaa, maji na sabuni kidogo. Usitumie siki kwenye mpira au koki, wala usiloweke mkeka wa sponji kwenye beseni.

Taulo lifuliwe kila baada ya darasa. Jipya lifue kabla ya siku ya kwanza, maana hutoa vumbi la nyuzi na wakati mwingine rangi. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kamwe: hufunika nyuzi na kuziba njia ya maji, na taulo lililogharimu fedha nzuri huanza kuteleza kama khanga. Jiki nayo huliharibu. Mkeka wa mpira uanikwe kivulini penye upepo, pande zote mbili, ndipo ukunjwe. Taulo la maikrofaiba unaweza kulitundika kwenye kamba mara tu baada ya darasa la asubuhi, na la jioni litalikuta limeshakauka.