Mabega Yaliyobeba Piano

Mwakitolyo inajulikana kwa dhahabu. Katika kata hii ya Wilaya ya Shinyanga wachimbaji wadogo huteremka kwenye maduara, jiwe hupandishwa, hupelekwa kwenye karasha, husagwa, huoshwa, na mwisho wa yote dhahabu huondoka. Mkufu utakaotengenezwa nayo utabeba jina la sonara au la duka. Jina la aliyeteremka shimoni halitakuwamo. Kwa Wasukuma jambo hili si geni. Karne moja na nusu iliyopita babu zao, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walishiriki katika kazi iliyozaa chombo kilichotukuzwa katika kumbi za New York na Chicago, na historia ya chombo hicho ikaandikwa bila wao. Chombo chenyewe ni piano.

Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini. Alipita Nindo na Salawe, majina yanayotumika hata sasa katika wilaya hiyohiyo ya Shinyanga, na tarehe 3 Agosti, akiwa juu ya kilima upande wa Mwanza, akaliona ziwa alilolipa jina la malkia wake. Vitabu juu ya Speke ni vingi. Kati ya waliomfikisha huko, anayejulikana kwa jina ni Sidi Mubarak Bombay, na hata yeye alijulikana kwa sababu aliwatumikia Wazungu kadhaa mfululizo, hadi chama cha wanajiografia cha London kikampa nishani ya fedha. Waliobeba nguo, shanga na chakula cha safari ile wamebaki kuwa idadi tu.

Speke hakuikuta nchi iliyolala. Njia alizopita zilikuwa na wenyewe, na bidhaa kubwa iliyotembea juu yake ilikuwa pembe za ndovu. Katika Usukuma walikuwapo bayege, wawindaji wa tembo wenye chama chao, dawa zao, miiko yao na nyimbo zao. Mtu hakujiunga kwa kutaka tu. Alifundishwa, akapimwa, akaapishwa. Walitumia mishale na mikuki yenye sumu, baadaye gobori. Tembo akianguka, ntemi, yaani mtawala wa eneo, alikuwa na haki yake: pembe moja kati ya mbili ilikuwa mali ya ikulu. Iliyobaki iliingia sokoni, na hapo ndipo kazi ya mpagazi ilipoanza.

Ni vizuri tukae kidogo na mpagazi, kwa sababu yeye ndiye aliyesemwa vibaya kuliko wote. Kwa muda mrefu vitabu vilirudia kwamba kila aliyebeba pembe kwenda pwani alikuwa mtumwa, akifika huko akauzwa pamoja na mzigo wake. Utumwa ulikuwapo, tena wa kutisha, na ulishikana na biashara ya pembe kwa namna nyingi. Lakini mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wengi wa wapagazi wa njia ya kati, iliyounganisha Bagamoyo na Tabora, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walijadiliana malipo kabla ya kuinua mzigo. Walilipwa kwa vitambaa vya merekani na kaniki, kwa shanga na waya, na walidai posho yao ya nafaka kila siku. Wakidhulumiwa waligoma, au waliutua mzigo porini na kurudi kwao. Walikuwa wafanyakazi wenye desturi za kazi na heshima ya kazi, nao walijua thamani yao.

Msafara ulikuwa na mpangilio. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na kilemba cha manyoya au ngozi ya mnyama, akiongoza mwendo na nyimbo. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, na hawa ndio waliokuwa na cheo kati ya wapagazi wote. Pembe ililazwa begani, na mara nyingi kengele ya ng'ombe ilifungwa kwenye ncha yake, ikawa inalia kwa kila hatua. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, zaidi kidogo ya kilo 30. Pembe kubwa kupita kiasi ilibebwa mzigamziga, watu wawili na mti mmoja. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800 kwa miguu, kazi ya miezi miwili au mitatu, na huko njiani kulikuwa na ndui, njaa, ukame wa Ugogo na vita vya watemi. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, mwaka 1871, njia ilifungwa na bei ya pembe Unguja ikapanda.

Hata hivyo vijana walikwenda. Kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani alihesabiwa bado hajawa mtu mzima. Waliondoka baada ya mavuno na wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda, ili jembe lisikae bure. Katika miaka ya 1880 na 1890 wapagazi waliopita njia ya kati kwa mwaka walikadiriwa kufikia 100,000 au zaidi.

Pwani, pembe ilivuka bahari kwenda Unguja. Wamarekani walikuwa wamefanya mkataba na Sultani Sayyid Said tangu mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters kutoka Salem, alikuwa tayari kisiwani. Meli za Salem zilileta merekani na kuondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Walichokitafuta hasa ni pembe laini ya Afrika Mashariki, inayokatika vizuri kwa msumeno na haipasuki ovyo kama ile ngumu ya magharibi ya bara. Kitambaa kilichomvisha mpagazi wa Usukuma na pembe iliyokuwa begani mwake vilikuwa vya biashara moja.

Huko Connecticut kulikuwa na miji miwili jirani, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa pembe hizo. Huu wa pili ulipewa jina lake kwa ajili ya pembe. Kampuni ya Pratt, Read na ile ya Comstock, Cheney zilitengeneza vibonyezo vya piano kwa viwanda vya Marekani nzima. Pembe ilikatwa mapande, mapande yakachanwa kuwa vibao vyembamba vya milimita moja hivi kwa misumeno iliyomwagiwa maji, vibao vikaanikwa kwa majuma mengi katika nyumba ndefu za vioo mpaka jua likavitoa manjano. Kisha wafanyakazi wenye macho makali walivipanga kwa rangi na mishipa, ili vibonyezo 52 vyeupe vya piano moja vifanane kama vimetoka mahali pamoja. Mwaka 1909 Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 350,000.

Pembe yenye uzito wa kilo 34 ilitosha kutengeneza vibonyezo vya piano 45 hivi. Uzito huo ni mzigo wa mpagazi mmoja. Maana yake ni kwamba mtu mmoja aliyetoka Usukuma, akalala porini, akavuka Ugogo na kengele ikilia begani, alibeba peke yake sehemu ambayo vidole vingegusa katika piano 45. Nimeitafakari hesabu hii mara nyingi, na kila mara naona deni.

Deni hilo hatulidai peke yetu. Ndani ya ulimwengu wa piano wenyewe kuna watu waliosahauliwa kwa namna inayofanana, nao ni mafundi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na zote kwa pamoja huvuta fremu yake kwa nguvu ya karibu tani 20. Joto likibadilika, unyevu ukiongezeka, sauti inahama. Lazima mtu aje na ufunguo wake, auguse kila uzi, asikilize, akaze, alegeze, achome sindano kwenye nyundo za manyoya ili mlio uwe mlaini. Huko Paris, Claude Montal, kipofu, aliifanya kazi hii kuwa fani kamili na kuiandikia kitabu mwaka 1836, na kwa vizazi vingi baadaye vipofu wa Ulaya walijipatia riziki kwayo. Mpiga piano Glenn Gould wa Kanada alirekodi akimtegemea Verne Edquist, fundi aliyekuwa haoni vizuri tangu utotoni. Mpiga piano Vladimir Horowitz aliporudi Moscow Aprili 1986 baada ya miaka zaidi ya 60, piano yake ilisafirishwa kutoka New York, na fundi Franz Mohr akaenda nayo ili kuitunza. Ukumbi ulilia machozi na kupiga makofi kwa ajili ya Horowitz. Alistahili. Mohr alikuwa pembeni. Yeye angalau aliandika kitabu cha maisha yake. Mafundi wengi hawakuacha hata hicho.

Mpagazi na fundi hawakufahamiana kamwe. Lakini kazi zao ziligusa kibonyezo kilekile, na msikilizaji aliyelipa kiingilio alimwona mtu mmoja tu.

Kazi ya mpagazi ilikwisha ghafla. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikabeba kilichokuwa kikibebwa na watu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaita tena, safari hii kwa lazima, kubeba risasi na unga wa majeshi, na wakafa kwa makumi ya maelfu. Nairobi, sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo ina umbo la mpagazi pamoja na askari. Ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina askari peke yake; mpagazi ametajwa katika maandishi yaliyo chini. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na hilo lilikuwa jema kwa tembo. Viwanda vya piano vilikuwa vimekwisha kuhamia plastiki miongo kadhaa kabla.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha njia ya kati ya utumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hakuna hata kimoja cha Usukuma. Naona orodha hiyo haijakamilika, na wenye mamlaka ya mambo ya kale wanaweza kuirekebisha. Lakini majina ya watu hayatapatikana ofisini. Wewe unayeishi Mwakitolyo, Salawe au Nindo, kama katika ukoo wenu kunatajwa babu aliyekwenda pwani, au mkoba wa myege, yaani mwindaji wa tembo, au wimbo wa safari ambao bibi bado anaukumbuka, uandike sasa pamoja na jina la mwenyewe, kisha upeleke nakala Makumbusho ya Wasukuma, Bujora.