Uelevu wa Afya, Si Usomaji wa Afya

Karatasi za mafunzo zilizotufikia hapa Kabambare, Maniema, mashariki mwa Kongo, zimekuja na istilahi "usomaji wa afya". Sisi tunaofanya kazi ya kuwafikishia watu habari za afya tumeagizwa tuieneze, nami naipinga waziwazi. Kamati iliyoibuni iliona herufi ndani ya neno la Kifaransa littératie, ikakimbilia kitenzi kusoma.

Dhana yenyewe wasomaji wanaijua. Tangu Scott Simonds alipoitumia mwaka 1974, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoiweka katika faharasa yake ya mwaka 1998, imehusu uwezo wa kupata habari za afya, kuzielewa na kuzitumia. Kusoma ni njia moja tu ya kuufikia uwezo huo. Mama wa Kibangubangu ambaye hakuingia darasani hupewa dawa ya malaria ya mwanawe: dozi 6 ndani ya siku 3, ya pili saa 8 baada ya ile ya kwanza. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, jirani anaomba vidonge vilivyobaki ampe wa kwake. Mama anakataa, anammalizia mwanawe dozi, na kumwelekeza jirani kwenye kituo cha afya. Mwalimu aliyeisoma karatasi ya dawa yote kisha akaviacha vidonge siku hiyo ya pili, kwa istilahi ya kamati ndiye atakayemzidi mama huyu.

Mimi nasema uelevu wa afya. Kiswahili kina kitenzi kuelea, yaani kuwa wazi kwa mtu: jambo hili limenielea. Kutoka hapo tukapata kuelewa, ambalo kwa umbo lake ni la kutendwa: jambo ndilo humwelea mtu, mtu akaelewa. Kwa hiyo lisipomwelea, aulizwe kwanza aliyelisema. Kisha kuna kiishio -vu, kinachogeuza tendo kuwa tabia ya kudumu: anayesikia kila mara ni msikivu, anayevumilia ni mvumilivu, anayetulia ni mtulivu. Ambaye mambo humwelea ni mwelevu, na sifa yake ni uelevu.

Wapo wanaotetea "uelewa wa afya". Uelewa ni wa jambo hili au lile, leo kipindupindu, kesho chanjo. Hautaji uwezo anaobaki nao mtu baada ya sisi kuondoka. Wengine wanataka "kisomo", kwa kuiga Tanzania. Lakini kisomo chenye manufaa, katika mradi wa UNESCO wa mwaka 1968 hadi 1972 huko Mwanza, kilistahili jina hilo kwa kuwa watu wazima walifundishwa kusoma hasa.

Nilipoipelekea kamati pendekezo langu nilijibiwa kwamba Kingwana, Kiswahili chetu cha Maniema, hakifai kuzaa istilahi. Jibu hilo ni dharau, tena ni ujinga wa historia. Kingwana ni lugha ya waungwana. Kasongo ulikuwa mji wa Kiswahili siku za Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajauteka mwaka 1893. Ni Kasongo huohuo ambao kazi yake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ilichapishwa na jarida la Lancet mwaka 1981. Mji uliowapa madaktari wa dunia la kujifunza hauwezi kukosa neno la kuipa kamati.

Matumizi ni mepesi: uelevu wa afya kwa sifa, mwelevu wa afya kwa mtu, kuelewesha kwa kazi ya RECO, wahamasishaji wa afya wa jamii, kijijini.

Karatasi zijazo zichapwe hivyo. Neno likikaa sawa, ripoti zetu hazitaanza tena na hesabu ya wanaojua kusoma. Zitaanza na swali linalotuhusu sisi wenyewe: tulichowaambia, kiliwaelea?