Tairi za Trela: Jinsi ya Kuchagua na Kubalansi Kabla Mahindi ya Wenyewe Yamwagike Barabarani

Kama uko Sugoi, Turbo ama mahali popote Uasin Gishu, unajua form ya kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mahindi yanatoka shambani, na msee mwenye pickup na trela ndogo ndiye boss wa kijiji. Magunia yanaenda Eldoret, viti na tenti zinaenda harusini, doo inaingia. Shida ni moja: wengi wanavalisha trela tairi zozote zilizobaki kwa gari. Trela haina injini, kwa hivyo watu hudhani haina mambo mingi. Zii. Tairi ikipasuka kwa lami ya kuelekea Malaba, nyuma yako kuna lori na boda, na mzigo si wako. Soma hii kwanza.

Anza na hesabu, si bei

Kila tairi imeandikwa ubavuni namba ya uzito. Si kilo moja kwa moja, ni kodi. 88 inamaanisha kilo 560. 100 ni kilo 800. 104 ni kilo 900, na 106 ni kilo 950.

Sasa piga hesabu. Trela yako ikiwa tupu tuseme ni kilo 400. Umepakia magunia 12 ya kilo 90, hiyo ni kilo 1,080. Jumla 1,480. Kama una tairi mbili tu, kila moja inabeba kilo 740.

Ukivalisha tairi ya gari ndogo yenye namba 88, zote mbili pamoja zinaweza kilo 1,120. Umezidisha kilo 360, yaani magunia manne mazima. Hapo huendeshi trela, unabeba bomu.

Usinunue ya kutosha tu. Ongeza asilimia 20 juu, kwa sababu mashimo na matuta hupiga tairi kuliko mzani unavyoonyesha. 740 na asilimia 20 ni 888, kwa hivyo anza na 104 kwenda juu.

Kusoma saizi bila kubahatisha

Mfano ni 195R14C 106/104. 195 ni upana kwa milimita. R ni radial. 14 ni rimu ya inchi 14. C ni tairi ya kazi, ile ya van na pickup, yenye ubavu mgumu. Namba ya kwanza, 106, ni ya trela yenye tairi moja kila upande. Ya pili, 104, ni ya tairi zilizopangwa mbili mbili pamoja.

Ukiona ST mbele ya saizi, hiyo imetengenezwa kwa trela pekee. Usiiweke kwa gari lenyewe.

Na usichanganye. Ekseli moja, saizi moja, aina moja. Radial upande huu na nailoni upande ule ni kujitafutia noma, kwa sababu zinakunjika tofauti na trela itavuta kando.

Umri: hapa ndipo wengi huchezwa

Trela ya mahindi hufanya kazi miezi michache, halafu inaachwa nyuma ya nyumba mpaka msimu mwingine. Kashata zinabaki nzuri, lakini mpira unazeeka kwa jua. Kwa hivyo usidanganywe na macho. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha cheki namba nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizo huwa upande mmoja tu, so zungusha uangalie pande zote.

Ikishapita miaka mitano ama sita, anza kupanga ingine hata kama inang'aa. Ukiona nyufa ndogo ubavuni, achana nayo leo. Kashata zikishuka hadi milimita 1.6, usawa wa vile vidonge vidogo vilivyo katikati ya mifereji, hiyo ni kipara. Kwa mtumba, uliza hiyo DOT kabla uulize bei.

Balansi si ya gari pekee

Tairi isiyo na balansi ukiwa kwa gari unaisikia kwa usukani. Kwa trela husikii kitu. Inaruka ruka huko nyuma, inakula kashata kwa mabaka, inachosha beringi, na nati zinaanza kulegea pole pole. Utajua siku gurudumu limekupita.

Ukienda kwa fundi, fuata hivi:

1. Osha rimu ndani na nje. Matope ya murram yaliyokauka ndani ya rimu huharibu balansi yote. Pia ng'oa vyuma vya zamani.
2. Badilisha valvu. Ni bei ya soda, na ya zamani huvuja ikijazwa presha kubwa.
3. Mashine ikishasoma, fundi anaweka vyuma kwa gramu, upande wa ndani na wa nje. Mwambie azungushe tena. Isiposoma sifuri, kazi haijaisha.
4. Kabla ya kurudisha, inua trela, shika hub na uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha, na hakuna balansi itaokoa hiyo.
5. Kaza nati kwa mtindo wa nyota, si kwa kuzunguka. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza.

Tairi ikiisha upande mmoja tu, usilaumu balansi. Pengine ekseli imepinda.

Presha ndio kusema

Presha ndogo hufanya ubavu ukunjike kila mzunguko. Kukunjika huleta joto, na joto ndilo hupasua. Kwa trela iliyojaa, jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi nyingi za C hufika psi 65, lakini soma yako, na hakikisha rimu pia inaruhusu. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya safari, namba itakudanganya. Usipunguze upepo ati imepanda ikiwa moto.

Msimu ukiisha

Inua trela juu ya mawe ama mbao, ekseli ikae bila uzito. Funika tairi jua lisizipate. Weka spea yenye upepo na saizi ileile, kwa sababu spea ya saizi tofauti ni pambo tu.

Kabla hujang'oa nanga, zunguka trela mara moja: presha, nyufa, nati, spea. Ni dakika tano. Mzee aliyekupea magunia yake amengoja mwaka mzima kuyaona, na hiyo ndiyo karo ya Januari.