Diwali

Diwali, iitwayo pia Dipavali, ni sikukuu ya taa katika dini ya Kihindu. Huchukua siku tano, na kilele chake ni usiku wa giza la mwezi ambao katika kalenda ya kawaida huangukia baina ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Usiku huo waumini hupanga safu za taa milangoni, madirishani na uani, humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, kisha jamaa hula pamoja. Wajaini, Masingasinga na baadhi ya Wabuddha wa Nepali nao huiadhimisha, kila kundi kwa sababu zake.

Afrika Mashariki na Kongo sikukuu hii ililetwa na wafanyabiashara, mafundi, vibarua na askari kutoka Bara Hindi. Kolwezi na miji mingine ya shaba ya mkoa wa Lualaba, Kongo, ina Wahindu wachache. Hata hivyo, uhusiano kati ya mto Lualaba na madaftari ya wafanyabiashara yanayofungwa siku ya Diwali ni wa zamani kuliko migodi ya kisasa.

Tarehe na majira

Kalenda ya Kihindu hufuata mwezi na jua kwa pamoja. Kila baada ya takriban miaka miwili na miezi minane huongezwa mwezi mmoja wa ziada, ili sikukuu zisiachane na majira. Ndiyo sababu Diwali haizunguki mwaka mzima kama mfungo wa Ramadhani. Mwaka 2023 usiku mkuu ulikuwa tarehe 12 Novemba, na mwaka 2025 ulikuwa tarehe 20 Oktoba.

Sehemu kubwa ya India, wakati huo mvua kubwa zimekwisha na mavuno yanaingia ghalani. Lualaba mambo ni kinyume: mvua ndiyo kwanza zimeanza, na wakulima wanatayarisha mashamba ya mahindi. Sikukuu ambayo kwa asili yake ni ya kushukuru mavuno, hapa hufika wakati wa kupanda. Taa za mafuta nazo huwekwa barazani, chini ya paa, mvua isizizime.

Masimulizi ya asili

Diwali haina kisa kimoja. Kaskazini mwa India husimuliwa kurudi kwa Rama, mkuu wa Ayodhya, baada ya uhamisho wa miaka 14 na baada ya kumshinda Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka mkewe Sita. Watu wa Ayodhya waliwasha taa kuwaangazia njia. Kisa hicho kimo katika utenzi wa Ramayana. Kusini hukumbukwa zaidi ushindi wa Krishna dhidi ya Naraka, jitu dhalimu lililowafunga maelfu ya wanawake. Wabengali hufanya ibada ya mungu wa kike Kali usiku uleule. Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika Mashariki, humtukuza hasa Lakshmi, anayesimuliwa kuwa alitokea baharini miungu na mashetani walipoivuruga bahari ya maziwa wakitafuta maji ya uzima.

Kwa Wajaini, Diwali ni siku ambayo Mahavira, mwalimu wao mkuu, alipata ukombozi huko Pavapuri, kwa mapokeo yao mwaka 527 kabla ya Kristo. Masingasinga hukumbuka kuachiliwa kwa Guru Hargobind, guru wao wa sita, kutoka ngome ya Gwalior alikofungwa na mfalme Jahangir. Mapokeo yanasema alikataa kutoka peke yake, akatoka pamoja na watawala 52 waliokuwa wafungwa wenzake. Siku hiyo hekalu la dhahabu la Amritsar hung'aa kwa taa.

Siku tano

Siku ya kwanza ni Dhanteras. Nyumba imekwisha kufagiliwa na mara nyingi kupakwa rangi, na kila familia kwa uwezo wake hununua kitu kipya cha madini: pambo la dhahabu, sarafu ya fedha, au chombo cha shaba nyekundu au shaba ya njano. Mtu wa Katanga, jimbo ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, hahitaji kuelezwa sana desturi hii. Misalaba ya shaba ya nchi hii ilikuwa fedha, mahari na zawadi ya kaburini karne nyingi kabla ya ukoloni.

Siku ya pili, ambayo Wagujarati huiita Kali Chaudas, ni ya kufukuza mabaya. Watu huoga alfajiri kwa mafuta na manukato, na wengine humkumbuka Krishna na ushindi wake.

Siku ya tatu ni Diwali yenyewe. Jua likizama, jamaa hukusanyika mbele ya picha au sanamu ya Lakshmi na ya Ganesha, mwondoa vikwazo. Taa huwashwa, matunda na peremende hutolewa, na milango huachwa wazi, kwa kuwa Lakshmi huingia nyumba iliyo safi na yenye mwanga. Wafanyabiashara hufanya chopda pujan, ibada ya madaftari. Hesabu za mwaka hufungwa, na daftari jipya, kwa desturi lenye jalada jekundu, huandikwa maneno ya kuomba heri na faida kabla ya tarakimu yoyote. Siku hizi kompyuta nayo huwekwa mbele ya Lakshmi.

Siku ya nne ni mwaka mpya wa Wagujarati kwa kalenda ya Vikram. Watu huvaa nguo mpya, huwatembelea wazee na kuwagusa miguu kwa heshima. Mahekaluni hupangwa Annakut, mlima wa vyakula vya aina nyingi ambavyo baada ya ibada hugawiwa watu. Siku ya tano ni ya ndugu: dada humpaka kaka alama kwenye paji la uso, humwombea maisha marefu na kumlisha, naye humpa zawadi. Maduka mengi ya Wagujarati hufunguliwa rasmi siku ya tano ya mwaka mpya, iitwayo Labh Pancham.

Taa na vifaa vya ibada

Taa ya Diwali, diya, ni kibakuli cha udongo kilichochomwa, chenye samli au mafuta na utambi wa pamba. Mbele ya mlango huchorwa rangoli, mapambo ya unga wa mchele au wa rangi. Juu ya mlango hutungikwa majani ya mwembe, mti ambao Kolwezi haukosekani. Katika ibada huwekwa kalasha, chungu ambacho mara nyingi ni cha shaba, kilichojazwa maji, kikazungushiwa majani ya mwembe na kufunikwa na nazi. Hiyo ni ishara ya neema iliyojaa.

Vyakula kwa kawaida havina nyama: ladu, barfi na jalebi kwa utamu, chevda, gathia na chakri kwa chumvi. Sinia za vyakula hivyo hupelekwa kwa majirani wa dini zote. Fataki hurushwa pale zinaporuhusiwa.

Kutoka Zanzibar hadi mto Lualaba

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindu wa pwani, walioitwa Mabaniani, walikuwa nguzo ya mikopo ya Zanzibar. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Wabhatia kutoka Kachchh, India, ilikodishwa forodha tangu enzi ya Sultani Seyyid Said. Wakala wake, Ladha Damji, alitayarisha misafara ya shehena kwa ajili ya mpelelezi David Livingstone, aliyefika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871. Taria Topan, Mwismaili na si Mhindu kwa dini, alimkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, ambaye ngome yake ilikuwa Kasongo. Huko Bunkeya, mfalme Msiri alishika biashara ya shaba ya Katanga hadi alipouawa mwaka 1891. Mtaji wa Zanzibar ulileta nguo, shanga na bunduki, ukarudisha pembe za ndovu, na ulihusika pia na biashara ya watumwa. Madaftari yaliyobarikiwa pwani yalikuwa na watu waliodhulumiwa ndani yake, na historia ya Diwali katika nchi hizi haiwezi kuliruka jambo hilo. Kiswahili nacho kilifika bara kwa misafara hiyohiyo, kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kukifanya lugha ya kazi migodini.

Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka India, ilifungua njia kwa wenye maduka kuingia bara. Mahekalu yalijengwa Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, Rais Mobutu alitangaza Novemba 1973 kutwaliwa kwa biashara za wageni, na wenye maduka wa asili ya Asia walikuwa miongoni mwa waliopoteza mali. Baadhi walirudi baadaye, na wengine wapya wakaja.

Askari nao walifika. Kikosi cha India katika jeshi la Umoja wa Mataifa kilikuwamo Katanga kuanzia 1961, na ndani yake walikuwamo Wagorkha, ambao Diwali ya kwao huitwa Tihar na ambao huwavika maua hata mbwa na ng'ombe. Kapteni Gurbachan Singh Salaria wa kikosi hicho aliuawa Élisabethville, leo Lubumbashi, Desemba 1961, akapewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya India. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi, ngome ya mwisho ya Katanga iliyojitenga.

Katika miji ya shaba leo

Lualaba ilifanywa mkoa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, na Kolwezi ndiyo makao yake makuu. Diwali haimo katika siku za mapumziko za taifa la Kongo, na migodi kama Kamoto, Mutanda na Tenke Fungurume hufanya kazi usiku na mchana. Mfanyakazi wa zamu huwasha taa kabla au baada ya kazi. Ibada hii inawezekana kwa sababu haidai hekalu wala kuhani: pembe safi ya chumba, picha ya Lakshmi na taa moja vinatosha.

Maana

Mara nyingi husemwa kwamba Diwali ni ushindi wa nuru dhidi ya giza. Desturi zake zinadai zaidi ya hapo. Kabla ya kuomba mali, nyumba husafishwa, hesabu hufungwa, jamaa hupatanishwa na jirani hupelekewa chakula. Mali peke yake haisifiwi, bali huitwa iingie mahali palipoangazwa, ambapo kila kitu kinaonekana. Kwa nchi ambayo utajiri hutolewa ardhini kila siku, hilo ni fundisho la kutiliwa maanani na watu wa dini zote.

Anayealikwa huvua viatu mlangoni, hupokea peremende kwa mkono wa kulia na kusema "Diwali njema". Siku inayofuata, kwa Wagujarati, salamu ni "Sal Mubarak".