Elimu ya fedha katika Butembo na Beni

Elimu ya fedha katika miji ya Butembo na Beni, jimbo la Kivu Kaskazini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mafunzo yanayowasaidia watu wa rika zote kutunza akiba, kukopa kwa hesabu, kupanga matumizi na kujikinga na walaghai. Darasani hupatikana kidogo tu. Nyumba yake hasa ni vikundi vya akiba, koperative, parokia, vyama vya wakulima na redio za mitaa, na kitabu chake cha kiada mara nyingi ni daftari la kikundi lenyewe.

Miji hii miwili haikusubiri mradi wowote ili ijifunze biashara. Wanande, ambao pia hujiita Wayira, walianza kujulikana kwa kupeleka maharage na mboga za nyanda za juu za Lubero hadi Kisangani, kisha wakafika Dubai na Guangzhou kuleta nguo, vipuri na mabati, ambayo huingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasindi. Beni, iliyo chini karibu na msitu, huishi kwa kakao, mbao na bidhaa zinazotoka Uganda. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo katoliki la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza waumini wajitegemee wakati serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipokuwa imeacha barabara na shule. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichofunguliwa Butembo mwaka 1989, ni tunda la wito huo.

Kwa hiyo somo la kwamba kuweka akiba ni kuzuri halina jipya mjini Butembo. Swali zito ni mahali pa kuiweka, na swali hilo lina historia. Desemba 1979 serikali ya Rais Mobutu ilifuta noti za zaire 5 na 10 na kuweka kiwango cha pesa ambazo mtu angeweza kubadilisha, na waliokuwa na fedha nyingi nyumbani wakabaki na karatasi. Mwaka 1991 kampuni za Kinshasa zilizoahidi faida kubwa kwa muda mfupi, Bindo Promotion ikiwa maarufu zaidi, zilianguka na fedha za waliojiandikisha. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1 ya Kongo. Mzee aliyepitia hayo yote akinunua mabati, kiwanja au ng'ombe badala ya kupeleka pesa kwenye akaunti hana ujinga wa fedha. Mwalimu anayeanza somo kwa kumkemea hupoteza wasikilizaji.

Njia za asili za kuweka akiba ni mbili hasa. Ya kwanza ni likilimba: watu wanaofahamiana hutoa kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na mmoja wao huchukua chote kwa zamu. Ni nyepesi na haina gharama, ila anayepata zamu ya mwisho huwa amewakopesha wenzake wote bila riba, na aliyepata mwanzoni anaweza kutoroka. Ya pili ni kadi. Mkusanyaji hupita sokoni kila siku, huchukua kiasi kilekile kwa kila muuzaji na kuweka alama kwenye kadi, na mwisho wa mwezi hurudisha fedha akibakiza mchango wa siku moja kuwa malipo yake. Mwenye duka la unga hulipa ili fedha zake zilindwe dhidi yake mwenyewe na jamaa zake. Hatari iko wazi: mkusanyaji akihama usiku, hakuna ofisi ya kumdai.

Mfumo ulioenea zaidi leo ni AVEC, kifupi cha Kifaransa cha chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Ulibuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Watu 15 hadi 25 au 30 huchaguana wenyewe, hujiandikia kanuni, hukutana kila juma, na hugawana kila kitu baada ya miezi 9 hadi 12. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku hutunzwa na mtu wa nne.

Ubora wake kwa elimu uko katika mwenendo wa mkutano. Kila mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake, hivyo hata asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake. Kabla ya kufunga sanduku, kiasi kilichomo hutangazwa kwa sauti na wote hukikariri. Mkutano unaofuata huanza kwa kuulizana kilikuwa kiasi gani, ndipo sanduku hufunguliwa. Pembeni kuna mfuko wa msaada kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji.

Hesabu ya mgao ndiyo somo lenyewe. Tuseme hisa ni franka 2,000, na mwisho wa mzunguko kikundi kimeuza hisa 3,000, yaani franka 6,000,000. Kwa riba ya mikopo, sandukuni mna franka 7,200,000. Kila hisa sasa ina thamani ya franka 2,400. Mama aliyenunua hisa 3 kila juma kwa majuma 48 ana hisa 144: aliweka franka 288,000, anaondoka na franka 345,600. Akiiona hesabu hiyo ikifanywa hadharani, anaelewa riba kuliko kwa mahubiri ya siku nzima, kwa kuwa riba aliyolipa alipokopa imemrudia kwa sehemu.

Kinyume chake ni kile Wakongo wanachokiita Banque Lambert, yaani mkopeshaji binafsi asiye na kibali. Anayekopa dola 100 kwa riba ya dola 30 kwa mwezi, akawa analipa riba peke yake, baada ya miezi minne ametoa dola 120 na bado anadaiwa 100 zote. Wakufunzi wazuri huandika mfano wa namna hii ubaoni na kuwaachia washiriki wafike wenyewe kwenye jibu.

Zipo pia MUSO, yaani vyama vya mshikamano, zenye masanduku matatu ya rangi: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la misaada ya dharura, na la buluu la fedha zinazotoka nje ya kikundi. Juu ya vikundi ziko koperative za akiba na mikopo, zilizotungiwa sheria namba 002/2002 ya tarehe 2 Februari 2002 na zinazosimamiwa na Banki Kuu ya Kongo. Raia anahitaji kujua jambo hilo kabla ya kuweka hata franka moja: aombe kuona kibali cha Banki Kuu, na asiridhike na jina zuri juu ya mlango.

Kila rika lina mahitaji yake. Elimu ya msingi katika shule za umma ilitangazwa kuwa bure Septemba 2019, lakini sekondari na chuo bado hulipiwa, na vikundi vingi hupanga mgao uangukie karibu na kufunguliwa kwa shule. Watoto hujifunza kwa kutumwa sokoni na kurudi na chenji kamili. Shule inayoongeza daftari la mapato na matumizi huiimarisha desturi hiyo. Kijana wa pikipiki anapaswa kutenga kila siku fedha za oili, matairi na bosi mwenye pikipiki kabla ya kuhesabu faida. Wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Ruwenzori na wa kakao kuzunguka Beni hupata fedha kwa msimu, kisha hukaa miezi bila kitu, na anayeuza mavuno yangali mtini hupokea bei ya mnunuzi. Vyama kama SYDIP na LOFEPACO, vyenye makao Butembo, vimewakusanya wakulima, wanaume na wanawake, kutetea masilahi yao.

Sarafu mbili, franka na dola, zinazunguka pamoja, na Kasindi huongezeka shilingi ya Uganda. Bidhaa kubwa na kodi ya nyumba huhesabiwa kwa dola, mchicha na ndizi kwa franka. Noti ya dola yenye mchaniko mdogo hukataliwa, kwa hiyo kuikagua noti kwenye mwanga ni sehemu ya mafunzo. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2012, ikishindana na Airtel Money na Orange Money, namba ya siri imekuwa somo la wazee hasa, kwa sababu wajukuu ndio huwashikia simu. Ujumbe wa uongo unaodai kuwa fedha zimetumwa kwa makosa na zirudishwe upesi huwanasa hata wasomi. Dawa ni moja: kuangalia salio kwanza.

Usalama ndio mtihani mgumu kuliko yote. Mauaji katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014 yamewang'oa watu mashambani mara kwa mara. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, ikazuia mikusanyiko, na wakati huohuo ikaleta mishahara ya dola kwa muda mfupi kwa vijana wengi. Januari 2025 Goma, mji mkuu wa jimbo, iliposhikwa na waasi wa M23, banki za mji huo zilifungwa na utawala wa jimbo ukahamia Beni. Katika mazingira haya sanduku lililojaa ni mwaliko kwa wezi. Kikundi chenye busara hukopesha sehemu kubwa ya fedha zake kila mkutano, hubakiza kidogo sandukuni, na huandika katika kanuni zake kuwa mgao unaweza kufanywa kabla ya wakati wanachama wakilazimika kukimbia.