Waliopasuliwa Tumbo Ili Wapungue: Je, Hujuta?



 

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, suali hili tumeulizwa na zaidi ya familia moja hapa Kinama. Ndugu yuko Muscat au Dubai, anampigia simu mama au dada aliyebaki Bujumbura, anamwambia: njoo huku ufanyiwe operesheni ya tumbo, uzito utashuka na kisukari kitakutoka. Nauli ipo. Mama anataka kujua jambo moja tu, wale waliotangulia wamejuta? Tumeona tumjibu kwa historia, kwa sababu operesheni hii si moja. Zimekuwa kadhaa, na kila moja ina watu wake na majuto yake.

Kwanza tukumbuke kuwa kwetu huku Maziwa Makuu unene haukuwa aibu. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alipofika Karagwe, kwa mfalme Rumanyika, aliwakuta wanawake wa nyumba ya kifalme wanalishwa maziwa hadi hawawezi kusimama vizuri, akachukua kipimo akampima mmoja wao. Kwao ilikuwa dalili ya utajiri wa ng'ombe. Hadi leo mtaani kwetu, bibi harusi akikonda miezi michache baada ya ndoa, watu humtazama mume kwa jicho baya.

Mahali pengine unene ulimwangusha mfalme. Sancho, mfalme wa León huko Hispania, alikuwa mnene kiasi kwamba hakuweza kupanda farasi, na mwaka 958 wakuu wake wakamwondoa. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, akaomba msaada Qurtuba, kwa Khalifa 'Abdur-Rahmaan wa Tatu. Khalifa akampeleka tabibu wake Myahudi, Hasdai bin Shaprut. Hasdai akasema mgonjwa lazima aje Qurtuba mwenyewe. Basi mfalme Mkristo na bibi yake wakasafiri hadi mji mkuu wa Waislamu, akatibiwa, akapungua, na kwa msaada wa jeshi la Khalifa akarudi kwenye kiti chake. Siku hizi husimuliwa kuwa alishonwa midomo ili asile. Hiyo inafanana na nyongeza ya wasimuliaji, nasi hatuitegemei. Yaliyo thabiti ni kwamba alikuwa ameahidi kulipa ngome kumi, na alipokwisha kupona na Khalifa kufariki mwaka 961, akaanza kuzivuta ngome zile asizitoe. Kwa hiyo mgonjwa huyu hakuonekana kujutia tiba. Alijutia bei.

Kisu chenyewe kiliingia miaka elfu moja baadaye. Mwaka 1954 madaktari Kremen, Linner na Nelson wa Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, ili chakula kipite upesi bila kufyonzwa. Mtu anakula atakavyo na anakonda. Ilionekana kama bahati kubwa. Payne na DeWind wa Los Angeles wakaenda mbali zaidi, wakauunganisha utumbo mwembamba na utumbo mpana moja kwa moja. Wagonjwa wao wakaharisha vibaya mno na kupungukiwa chumvi za mwili, na mwaka 1963 walipoandika matokeo hawakuwa tena wakiipendekeza njia hiyo. Wakarudi kwenye njia ya mwanzo iliyorekebishwa, nayo ikaenea miaka ya 1960 na 1970. Hapo ndipo majuto yalipokuwa mengi: kuharisha kusikoisha, mawe ya figo, maumivu ya viungo, na ini kuharibika hadi wengine kufariki. Wengi walirudi kwa madaktari waombe utumbo urudishwe ulivyokuwa. Waliorudishiwa, uzito nao ukawarudia. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa.

Wakati huo Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa ameona jambo kwa wagonjwa wa vidonda vya tumbo. Waliokatwa sehemu ya tumbo walikonda na kubaki wakondefu. Mwaka 1966 akaanza kutengeneza kijitumbo kidogo juu na kukiunganisha na utumbo. Njia hiyo, ikiwa imerekebishwa, ingali hai. Baadaye ikaja ya mkanda wa kufunga tumbo juu, unaokazwa na kulegezwa, halafu ile ya kukata na kutoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo, libaki jembamba kama ndizi. Hii ya mwisho ndiyo inayofanywa zaidi duniani sasa, na Ghuba imeenea sana.

Mkanda una fundisho la ajabu kuhusu majuto. Madaktari wa Brussels waliwatafuta watu 151 waliowawekea mkanda kati ya 1994 na 1997, wakawapata 82, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Karibu nusu walikuwa wameshautoa mkanda, na 60 katika kila 100 walikuwa wamepasuliwa tena. Hata hivyo, walipoulizwa, karibu 60 katika 100 walisema wameridhika! Mtu anaweza kupata hasara na asijute. Huenda alipungua kwa miaka kadhaa akaona imetosha, au ameshatoa mali na maumivu, na binadamu ni mzito kusema alinunua hasara. Halafu kuna wale 69 ambao majibu yao hayamo. Anayekwambia “hakuna anayejuta” amewauliza waliopatikana tu.

Wenye hesabu ndefu zaidi ni Waswidi. Kuanzia 1987 hadi 2001 waliandikisha watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wenye unene kama wao wasiopasuliwa, wakawafuatilia kwa miaka. Uzito ulishuka sana mwaka wa kwanza, kisha ukapanda kidogo. Baada ya miaka 10, wa njia ya Mason walikuwa chini kwa asilimia 25, wa mkanda asilimia 14. Mama wa kilo 120 basi abaki na kilo 90 kwa njia ya kwanza, na kilo 103 hivi kwa ya pili. Anayetarajia kurudi alivyokuwa siku ya nikaha yake atajuta hata operesheni ikifaulu. Kuhusu kisukari, kilikuwa kimewaondoka 72 katika 100 baada ya miaka 2, lakini baada ya miaka 10 walibaki 36. Nusu nzima kilirudi! Pamoja na hayo waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao, na hili si jambo dogo kwa mtu mwenye watoto.

Mwaka huohuo wa 2007 ambao Waswidi walitoa habari ya vifo, watafiti wa Utah, Marekani, nao wakaeleza kuwa vifo vyote kwa waliopasuliwa vilipungua kwa asilimia 40, ila vifo visivyo vya maradhi, yaani ajali, kujiua na mfano wake, vilizidi kwa asilimia 58. Allaah Atuhifadhi. Tunalisema kwa sababu familia hudhani mtu akishakonda huzuni yake imekwisha. Na Waswidi tena mwaka 2018 walionesha kuwa baada ya operesheni wasio na ndoa waliolewa na kuoa zaidi, na waliokuwa katika ndoa waliachana zaidi. Mume na mke walizungumze hili kabla ya tiketi.

Upande wa sheria hatutarefusha. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na wanazuoni wametofautisha mgonjwa anayeondoa madhara na mzima anayetafuta umbo. Mwenye kisukari, presha na magoti yaliyokwisha si sawa na msichana anayetaka kuingia kwenye gauni. Wala mnene asichekwe msikitini kwa kutajiwa theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo ni yetu sote, na wembamba wengi wetu hatuyatekelezi.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kurudi Bujumbura. Tumbo lililokatwa na kutupwa halirudishwi kama mkanda unavyotolewa. Mtu huyo atahitaji vidonge vya vitamini na madini, na kupimwa damu, maisha yake yote. Akitapika wiki kadhaa bila vitamini B1, mishipa ya fahamu na ubongo huweza kudhurika. Mwanamke huambiwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Basi ndugu aliyeko Ghuba anayelipa operesheni, je, atatuma vidonge mwaka wa tano? Wa kumi? Tumewaambia wanaotuuliza wampigie simu wamuulize hilo wazi, bila haya, na majibu yaandikwe.

Na Ramadhaan je? Tumbo jipya hupokea maji kwa mafunda madogo, kwa hiyo kujaza kiu ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri ni kazi. Madaktari wengi huwashauri wasifunge katika miezi ya mwanzo. Huyo ni mgonjwa, ana rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine akiweza, na watoto nyumbani waelezwe mapema ili wasimshangae mama yao anapokunywa mchana. Siku ya Idi pia wamwekee kisahani chake kando, kwani sinia la pilau halimfai tena, na wasimlazimishe tonge moja zaidi kwa mapenzi.

Wallaahu A'lam.